Asubuhi Baada ya Harambee

Ukitaka kumjua mtu anayeiweza kazi ya kutafuta fedha za chuo, usimtazame Jumamosi jioni akiwa ukumbini na kipaza sauti. Mtazame Jumatatu saa mbili asubuhi. Jumamosi MC alitangaza milioni 80, vigelele vikapigwa, mgeni rasmi akapigwa picha na bango. Jumatatu akaunti ina milioni 11. Zilizobaki ni maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi, mengine hayana hata namba ya simu. Kazi ya afisa uhamasishaji rasilimali inaanzia hapo, na ndiyo maana nasema ni kazi ya daftari kabla ya kuwa kazi ya mdomo.

Naandika nikiwafikiria vijana walioajiriwa kwa cheo hicho katika vyuo na asasi za Tabora na Kigoma. Mara nyingi kijana anapewa meza na kompyuta moja, kisha anaambiwa "tuletee wafadhili". Hakuna aliyemwonyesha kazi inavyofanywa. Wengine wanadhani ni kipaji cha kuomba tu. Si kweli. Ni taaluma yenye taratibu, hesabu na maadili yake, na mtu anaweza kuifanya maisha yake yote akapanda ngazi hadi kuongoza taasisi.

Ni taaluma ya zamani pia. Mwaka 1641 wajumbe watatu walitumwa kutoka koloni la Massachusetts kwenda Uingereza kukitafutia fedha chuo changa cha Harvard, na mwaka 1643 mwanamke mmoja wa London, Ann Radcliffe, akatoa pauni 100 za kuwasomesha wanafunzi wasio na uwezo. Mwaka 1890 wahitimu wa Yale wakaanzisha mfuko wao wa kuchangia kila mwaka, chochote mtu alicho nacho. Humo zimo njia mbili kubwa zinazotumika hadi leo: mtu mmoja mwenye nafasi anayetoa kikubwa kwa jambo linalomgusa, na watu wengi wanaotoa kidogo kila mwaka bila kukosa. Huku kwetu tumezoea njia ya tatu, andiko la mradi kwa mfadhili wa nje. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi, asasi zilizokuwa na mfadhili mmoja zilijua ndani ya wiki chache maana ya kukosa daftari la watu.

Turudi kwenye karatasi za Jumamosi. Ahadi hupotea kwa sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni kuandika kwa kusikia: MC anatangaza "mzee wetu wa Cheyo, milioni mbili", mwandishi anaandika hivyohivyo, na Jumatatu hakuna ajuaye ni mzee yupi. Ya pili ni ile ya mgeni rasmi kutoa ahadi "mimi na marafiki zangu, milioni 25". Mgeni huyo amelipa 5 taslimu, na 20 ni za marafiki ambao hawajui kama wametajwa. Andika mistari miwili tofauti, mmoja wa fedha yake na mwingine wa marafiki, kisha kabla hajaingia kwenye gari mwombe kwa heshima majina matatu ya marafiki hao na ruhusa ya kuwapigia. Ya tatu ni kutoweka tarehe. Mtu aliyesema "nitatoa" bila kusema lini hajakudanganya. Hukumuuliza.

Kwa hiyo kadi ya ahadi iwekwe mezani kabla watu hawajakaa, ikiwa na jina kamili, simu, kiasi, idadi ya awamu, tarehe ya kila awamu, njia ya kulipa na saini. Weka kijana mmoja kwa kila meza mbili, mwenye kalamu za ziada, kazi yake ikiwa kadi tu. Fedha taslimu zihesabiwe na watu wawili palepale, wote watie saini, na zifike benki siku ya kazi inayofuata zikiwa zilezile. Asitokee mtu akatoa hapo ya kulipia viti na muziki. Gharama za shughuli zilipwe kwa hundi au kwa akaunti, zionekane. Nami nashauri gharama zipimwe dhidi ya fedha iliyoingia, kamwe si dhidi ya iliyotangazwa. Ukumbi na chakula vya milioni 6 ni vidogo ukivilinganisha na 80, na ni zaidi ya nusu ukivilinganisha na 11.

Malipo ya simu yaende kwenye Lipa Namba yenye jina la taasisi. Chuo cha umma kitoe kontro namba ya GePG, mfumo wa malipo ya serikali, na ni vizuri kila mwenye ahadi apate yake ili malipo yajulikane ni ya nani. Namba binafsi ya mweka hazina, hata kama ni mtu mwadilifu kiasi gani, inaua imani. Mtoaji anatuma laki tano, jina linalorudi kwenye simu yake ni la mtu asiyemjua, na hatarudia tena.

Jumatatu hiyo, kabla ya saa sita, kila aliyetoa au kuahidi apate ujumbe mfupi wenye jina lake na kiasi chake. Ndani ya siku 7 apigiwe simu ya shukrani, na kwenye simu hiyo usimdai. Siku 3 kabla ya tarehe aliyoiandika mwenyewe, mkumbushe kwa ujumbe. Tarehe ikipita, piga simu baada ya wiki, na simu ya pili apige mtu mwenye uzito kwake: paroko, sheikh, mwalimu wake wa zamani, mkuu wa chuo. Baada ya miezi sita, ahadi isiyogusika iondolewe kwenye hesabu za bajeti, ila jina libaki daftarini. Huyo bado ni rafiki wa chuo.

Kabla ya harambee yoyote, kaa na karatasi upige hesabu ya nani atatoa nini. Tuseme chuo kinataka milioni 300 za bweni la wasichana. Kugawanya 300 kwa watu 300, milioni moja kila mtu, kunaonekana haki lakini hakujawahi kujenga bweni. Hesabu inayofanya kazi huwa na kilele chembamba: mmoja wa milioni 60, wawili wa 30, wanne wa 15, wanane wa 5, ishirini wa 2, arobaini wa laki tano, na milioni 20 za mwisho kutoka kwa umati. Jumlisha, utapata 300 kamili, na utaona watoaji 7 wa kwanza wamebeba milioni 180, yaani asilimia 60. Kwa kila mmoja wa hao 7 unahitaji majina manne hivi, maana watatu watakataa au watatoa pungufu. Hayo ni majina 28 yenye sababu. Ukikaa na bodi mkapata majina 9, basi lengo la milioni 300 halijaiva, na ni heri kusema hivyo mapema kuliko kuchapisha mabango. Wenye uzoefu hawatangazi kampeni hadharani mpaka nusu au zaidi ya fedha imepatikana kimyakimya, kwa sababu umma huchangia kazi unayoiona inaelekea kufanikiwa.

Watoaji hao 7 hawapatikani kwa barua. Wanapatikana kwa kukaa nao. Waende watu wawili, si watano: mkuu wa chuo, na mtu anayemjua mwenyeji. Tabora ukiingia kwa mzee wa Kinyamwezi asubuhi, "mwangaluka" na habari za nyumbani zina muda wake, na kuziruka ni utovu wa adabu. Ukifika kwenye jambo, sema kiasi. "Mzee wetu, chumba cha kusomea kina viti 60, na jioni vijana wanasoma wakiwa wamesimama. Tunakuomba utubebee chumba cha pili, milioni 15, kwa awamu tatu ndani ya miezi 18." Kisha nyamaza. Hapa wengi huharibu. Kimya kikifika sekunde kumi mwombaji anaona aibu, anaongeza "au chochote utakachojaliwa", na mzee aliyekuwa anapiga hesabu ya milioni 10 anatoa laki mbili kwa amani. Akisema anahitaji kuongea na mama watoto, omba mama huyo awepo siku mtakayorudi. Katika familia nyingi yeye ndiye mwenye uamuzi.

Majira yana uzito kuliko ufasaha. Urambo, Kaliua na Sikonge fedha ya tumbaku huanza kuonekana baada ya masoko kufunguliwa, na malipo hupitia vyama vya ushirika vya wakulima, AMCOS, mara nyingine kwa kuchelewa. Ukimwomba mkulima wakati anadaiwa mbolea unamdhalilisha. Kigoma, wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga huvua kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwa kali wako nchi kavu wakishona nyavu. Hizo ndizo siku za kwenda kuzungumza, na kupokea kuje baada ya giza kurudi na mitumbwi kushusha mzigo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mpango wowote wa kuchangisha mwaloni katika miezi hiyo ulikuwa haupo tena, na afisa makini alipaswa kuwa ameshahamisha kalenda yake. Watumishi wa umma wakumbushe mshahara unapotoka, na mwezi Januari waache walipe ada za watoto.

Ujiji na Tabora mjini, Ramadhani ni wakati wa kutoa, lakini tofautisha zaka na sadaka. Zaka ina wenyewe, na masheikh wengi hawakubali ijenge ukuta. Inaweza kumlipia ada mwanafunzi maskini anayestahiki. Jengo liombee sadaka au wakfu. Ukiweka fedha hizo kwenye akaunti moja, umewakosea watu ibada yao, na hilo halisahauliki.

Wahitimu nao wanahitaji hesabu ya kweli. Tabora ina bahati ya historia: Mwalimu Nyerere alisoma Tabora Boys na baadaye akafundisha St. Mary's, na shule za mkoa huu zimetoa watumishi wa taifa kwa vizazi. Ila mapenzi ya wazee hao yako kwenye sekondari zao. Vyuo vikuu huku ni vichanga. Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, kwa mfano, kina wahitimu ambao wengi bado wanaanza maisha. Kijana aliyesoma kwa mkopo akiajiriwa katika sekta rasmi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kurudisha Bodi ya Mikopo. Kumwomba huyo laki tano ni kumfanya aache kupokea simu yako. Mwombe 5,000 kwa mwezi. Wahitimu 200 wakitoa hivyo mwaka mzima ni milioni 12, nazo zinalipa ada ya milioni 2 kwa wanafunzi 6. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kati ya hao 200, baada ya miaka 15 watakuwepo watatu au wanne wenye uwezo wa kubeba chumba kizima, na watakuwa wamezoea kutoa.

Namba zao zitunzwe kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na taasisi inayokusanya majina na simu za watu inapaswa kujisajili kwa Tume na kupata ridhaa ya wahusika. Kuwaunganisha wahitimu 400 kwenye kundi la WhatsApp bila kuwauliza, kila mtu akiona namba ya mwenzake, si jambo dogo tena.

Kwenye kodi, usimwahidi mfanyabiashara kitu usichokihakikisha. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu mchango kwa asasi ya hisani kupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, lakini kikomo ni asilimia 2 ya mapato ya biashara, na asasi iwe imetambuliwa hivyo kwa uamuzi wa Kamishna wa TRA. Usajili wa NGO peke yake hautoshi. Kwa miradi ya elimu kuna mlango mwingine: Mfuko wa Elimu ulio chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001. Mchango unaopitia huko haubanwi na kikomo hicho cha asilimia 2, na mtoaji hupewa hati anayoitumia kwa TRA. Kampuni yenye mhasibu makini itakuuliza swali hili dakika ya tano ya kikao, na kulijibu barabara kunafungua milango kuliko picha za wanafunzi. Asasi zilizosajiliwa kwa Msajili wa NGO zikumbuke pia kanuni za 2018: mkataba wa fedha unaozidi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa.

Kuhusu maandiko ya miradi nitasema machache, maana mafunzo yake yapo kila mahali. Yanayoumiza huku ni ya utekelezaji. Mfadhili anataka risiti ya EFD, mashine ya kodi ya TRA, na muuza matofali wa kijijini hana mashine, basi panga mapema vitu gani vinunuliwe mjini. Huduma za kitaalamu zikatwe kodi ya zuio ya asilimia 5 na bajeti ijue hivyo. Gharama za uendeshaji zisiachwe nje kwa kuona haya: Umoja wa Ulaya katika ruzuku zake za nje huruhusu hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja, na chuo kisichoziomba kinalipia umeme wa mradi kwa ada za wanafunzi. Kampuni za miradi mikubwa, kama wajenzi wa reli ya kisasa ya Tabora–Kigoma au wa bomba la mafuta lenye karakana pale Sojo, Nzega, zitafunga virago kazi ikiisha. Waombe vifaa, karakana ya mafunzo, nafasi za vitendo. Usiombe mishahara ya walimu.

Kuna fedha ya aina nyingine ambayo vyuo vyetu vinaiogopa bila sababu: mfuko wa wakfu. Familia ikitaka kumsomesha mwanafunzi mmoja kila mwaka daima, kwa jina la marehemu mama yao, ada ikiwa milioni 2 na mfuko ukitoa asilimia 5 tu kwa mwaka, mtaji ni milioni 40. Hatifungani za Hazina zinanunuliwa kuanzia milioni 1, na mara nyingi riba inazidi asilimia 5. Ziada irudi kwenye mtaji, vinginevyo mfumuko wa bei utaula na baada ya miaka 20 milioni 2 haitalipa hata muhula. Mkataba useme nani anachagua mwanafunzi, itakuwaje mwaka ambao hakuna anayestahiki, na kwamba mtaji hautaguswa kulipia mishahara mwezi ukiwa mgumu. Sentensi hiyo ya mwisho iandikwe kwa maneno yaleyale, kwa sababu mwezi mgumu utakuja.

Anayetaka kupanda ngazi katika kazi hii ataanza na daftari na barua za shukrani, kisha atapewa wafadhili wadogo wa kuwatunza, kisha wakubwa, na hatimaye idara. Afisa mmoja asiye na msaidizi atawatunza vizuri watu 40 hivi. Akipewa 200 atawajua kwa majina tu. Kuna cheti cha kimataifa cha CFRE, chenye mtihani wa maswali 200 na kinachohuishwa kila baada ya miaka 3. Afrika Kusini, taasisi ya Inyathelo imekuwa ikifundisha fani hii tangu 2002. Na likija suala la mshahara, kataa asilimia. Asasi nyingi ndogo husema "hatuna mshahara, utachukua asilimia 10 ya kila utakacholeta". Kanuni za maadili za taaluma hii zinakataza, na sababu ni ya vitendo: mwenye asilimia anamkamua mtoaji leo ili naye apate leo, wakati mtoaji huyo angebeba jengo zima kama angesubiriwa miaka mitatu.

Ukifika kwenye uongozi, kazi yako kubwa inakuwa bodi. Kila mjumbe atoe kwanza, hata kama ni 50,000, kwa sababu mfadhili huuliza. Pia kila mjumbe alete majina. Jambo la pili ni kuhakikisha taasisi haining'inii kwenye uso mmoja. Gombe hapo Kigoma kuna funzo lake: mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika 1960, taasisi yake ikaanzishwa 1977, mpango wa TACARE na vijiji ukaanza 1994. Hadi alipofariki 1 Oktoba 2025, kulikuwa kumeshajengwa matawi katika nchi nyingi na kazi za vijijini zenye watu wake. Padri mwanzilishi au profesa mwenye jina kubwa ni neema, lakini kila mfadhili wake awe pia anamjua mtu wa pili na wa tatu chuoni.

Hilo linamgusa hata afisa wa kawaida. Anapohama, ofisi nyingi hubaki na faili tupu, kwa kuwa wafadhili wote walikuwa kwenye simu yake. Laini ya simu ya idara isajiliwe kwa jina la taasisi, barua pepe iwe ya ofisi, na kila ziara iandikwe siku hiyohiyo: nani tulimwona, nani mwingine alikuwepo, alisema nini kuhusu watoto wake na afya yake, tumeahidi nini, na tarehe gani tutarudi. Mwezi wa mwisho wa kazi yake afisa amchukue anayempokea, wazunguke pamoja kwa watoaji 10 wa juu, na amtambulishe kwa mdomo wake mwenyewe.